Nyumba nimwandikishe mwanangu mapema, au niandike wosia?

*"Wakili, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina miaka 58, nakaribia kustaafu. Nilifunga ndoa Anglikana mwaka 1993. Mimi na mke wangu tumejaliwa watoto wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike. Nina pia kijana niliyempata kabla ya ndoa, mke wangu anamfahamu. Mali zangu ni nyumba ya Nkuhungu yenye hati kwa jina langu, kiwanja Nzuguni, shamba la zabibu wilaya ya Chamwino nililoachiwa na marehemu baba, na ng'ombe kumi na wanane wanaokaa kwa mdogo wangu Bahi. Mwaka jana kaka yangu alifariki, na mpaka leo shemeji yangu anasumbuliwa na ndugu zetu. Naogopa yasije yakamkuta mke wangu. Rafiki yangu amenishauri nimwandikishe mwanangu mkubwa wa ndoa nyumba mapema ili tukwepe mambo ya mahakamani. Mke wangu naye anasema nikiandika wosia ninajichuria kifo. Nifanyeje?"*

Mwalimu, pole sana kwa msiba wa kaka yako, na umpe pole shemeji yako pia. Nikisoma swali lako naona hofu yako si kugawa mali kwa usawa. Unachoogopa ni siku ambayo hutakuwepo, mke wako akae ndani ya nyumba aliyoijenga pamoja nawe, halafu aje mtu mlangoni amwambie afungashe. Hofu hiyo ni ya haki. Ila ushauri wa rafiki yako, pamoja na nia yake njema, unaweza kuleta lile lile unalolikimbia.

Nianze na jibu, kisha nieleze. Andika wosia. Lakini kabla hujashika kalamu, kuna kazi kubwa zaidi ya kuandika, maana wosia hugawa kilicho chako na kinachothibitika kuwa chako, basi. Umenitajia mali nne, na hakuna hata moja ambayo leo hii naweza kusema ni yako peke yako bila swali. Nyumba na kiwanja vina jasho la mke wako. Shamba huenda bado ni la marehemu baba yako. Ng'ombe wako kwenye zizi la mtu mwingine. Ukigawa kwa wosia mzuri mali ambayo haijatenganishwa, unawaachia warithi karatasi ya kugombania.

Tuanze na nyumba, kwa sababu ndiyo iliyokufanya uandike. Kumwandikisha mwanao sasa hivi ni kumpa leo. Hati ikishasoma jina lake, wewe na mama yake mnabaki wakazi kwa hisani yake. Anaweza kuiweka rehani benki. Akifariki kabla yenu, Mungu apishe mbali, nyumba inaingia kwenye mirathi yake yeye, na mke wako anaanza kuzungumza na mkwewe kuhusu chumba cha kulala. Wenzake watatu wa ndoa na yule kaka yao watamwona mwizi hata kama hajafanya kosa lolote. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu kuuza, kuweka rehani wala kutoa zawadi nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza wako. Ukihamisha kimyakimya, umempa mke wako kesi badala ya ulinzi. Kuna pia gharama za uthamini, ushuru wa stempu, kodi na ada za usajili. Na mahakama hujaikwepa, kwa sababu kiwanja, shamba, ng'ombe na fedha za benki bado vitahitaji msimamizi wa mirathi.

Njia ninayoipenda kwa nyumba yako ni nyingine: mwingize mke wako kwenye hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua umiliki wa pamoja wa namna mbili. Upo ule ambao kila mmoja ana hisa yake, na hisa ya aliyefariki inaingia kwenye mirathi. Na upo ule usiogawanyika, ambao mmoja akifariki, aliyebaki anakuwa mmiliki wa yote moja kwa moja. Huu wa pili ndio unaojibu hofu yako, kwa sababu nyumba haipiti kwenye kikao cha ukoo wala haigawiwi. Anapeleka cheti cha kifo kwa msajili, jina lako linaondolewa, anaendelea kuishi.

Lakini umiliki huo una gharama yake, na nisipokuambia nitakuwa nimekudanganya. Nyumba ikishakuwa ya mama peke yake, hatima yake iko mikononi mwake. Watoto wenu wanne watarithi kutoka kwake siku moja. Yule kijana wa kabla ya ndoa hatarithi kutoka kwake, kwa kuwa si mama yake. Kwa hiyo ukichagua njia hii, yeye umwekee fungu lake kwenye mali nyingine, na kiwanja cha Nzuguni kinafaa kwa hilo. Usimwache aje kuomba huruma ya wadogo zake.

Wengine watakuambia hakuna haja, nyumba ni ya mume maana hati ina jina lake. Hilo si kweli tangu zamani. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Shauri lile lilikuwa la talaka, si la kifo, lakini fikra yake imeenea mbali. Sheria ya Ardhi nayo inasema mwenza aliyechangia nguvu zake katika kuzalisha, kutunza au kuendeleza ardhi iliyo kwa jina la mwenzake, anapata haki ndani ya ardhi hiyo. Tatizo ni kwamba mjane anayedai haki hiyo anaidai akiwa amevaa kaniki ya msiba, mbele ya mashemeji, bila karatasi. Jina kwenye hati linamwondolea mzigo huo.

Sasa, usipoandika chochote itakuwaje? Hapa watu wengi hawajui kwamba Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi. Zipo tatu zinazokwenda sambamba: ya kimila, ya Kiislamu, na ile ya kiserikali ambayo kwa sehemu kubwa ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado tunaitumia. Itumike ipi, mahakama huangalia nia ya marehemu na namna alivyoishi. Wewe umefunga ndoa kanisani, ni mtumishi wa umma, unaishi mjini. Lakini pia una shamba la baba, ng'ombe Bahi na ukoo unaokutana. Ndugu mmoja atasema uliishi kikristo, mwingine atasema wewe ni Mgogo wa mila. Tofauti yake si ndogo. Kwa ile ya 1865, mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, na theluthi mbili wanagawana watoto sawa kwa sawa, wa kike kwa wa kiume. Kwa kanuni za kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, mtoto wa kwanza wa kiume anachukua fungu kubwa, mabinti wako daraja la mwisho, na mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Anategemea kutunzwa na watoto. Kanuni hizo zimepigwa sana mahakamani kwa ubaguzi wake, lakini zipo, na ndizo nyingi tunazokutana nazo kwenye vikao vya ukoo. Huenda ndizo zinazomsumbua shemeji yako sasa hivi. Wosia unakuondoa kwenye mabishano hayo yote, kwa sababu unasema mwenyewe.

Shamba la zabibu ndilo linalonipa wasiwasi kuliko vyote. Umesema uliachiwa na baba. Nakuuliza: mirathi ya baba ilifunguliwa? Yupo aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi, akagawa, akarudisha hesabu? Au baba alikuonyesha kwa mkono kwamba "kuanzia ule mbuyu hadi korongoni ni kwako", mkaendelea kulima? Kama ni hivyo, na ndivyo ilivyo kwa familia nyingi za hapa kwetu, shamba hilo kisheria linaweza kuwa bado ni mali ya marehemu baba yako, na wewe na ndugu zako wote mna haki humo, pamoja na watoto wa kaka yako aliyefariki mwaka jana. Huwezi kulirithisha kwa wosia wako. Ukilitaja, unamwachia mke wako kesi mbili, ya kwako na ya baba mkwe wake.

Dawa yake ipo na haijachelewa. Kaeni kikao cha ukoo mkiwa bado wengi mnaokumbuka mipaka. Andikeni muhtasari, mpendekeze mtu, aende Mahakama ya Mwanzo ya mahali baba alipokuwa anaishi na cheti cha kifo. Kama miaka imepita, mahakama itataka maelezo ya kwa nini mmechelewa, na mnaeleza ukweli. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha itateua. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu, anayeteua ni mahakama. Na aliyeteuliwa hajapewa mali. Kwa Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni yote, kisha agawe na kufunga hesabu. Nimeona kaka wakubwa wakipata barua ya usimamizi na kuuza shamba wiki inayofuata kana kwamba ni lao. Barua hiyo ni dhamana, na anayeitumia vibaya anaweza kuondolewa na hata kushtakiwa. Shamba likishagawiwa, fungu lako liombee hatimiliki ya kimila kijijini kama bado ni ardhi ya kijiji. Hapo ndipo unakuwa na shamba la kurithisha.

Na kama unawaza kuwaachia mabinti zako sehemu ya shamba, usitishwe na anayesema ardhi ya ukoo haiendi kwa wanawake. Holaria Pastory alirithi shamba la baba yake kwa wosia, akaliuza, na mtoto wa kaka yake akapinga kwamba mwanamke hana mamlaka hayo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba. Wosia wa baba ndio uliompa yule mama mahali pa kusimama.

Ng'ombe. Najua mdogo wako ni mwaminifu, ndiyo maana umemwekesha. Lakini mwaminifu huyo naye anaweza kutangulia, na watoto wake hawatajua ng'ombe yupi ni wa baba yao na yupi wa baba yao mkubwa. Nenda Bahi siku moja jioni, ng'ombe wakiwa wanarudi zizini, mkae na mdogo wako na daftari. Andikeni mmoja mmoja: jike mweusi mwenye baka jeupe kifuani, amezaa mara tatu, dume mwekundu pembe moja imekatika, mtamba wa kijivu mwenye hereni ya namba fulani. Kisha andikeni mlivyokubaliana: maziwa ni ya nani, ndama wanahesabiwaje, mdogo wako anapata nini kwa kuchunga, akifa ng'ombe wakati wa kiangazi mnafanyaje. Asaini yeye, usaini wewe, na mashahidi wawili, mmoja awe kiongozi wa kijiji. Kila mwaka mrudie hesabu. Mtu akikuambia hilo ni kukosa kumwamini ndugu yako, mjibu kwamba linamlinda yeye kuliko wewe, maana bila daftari hilo siku ya mirathi ataitwa mwizi wa ng'ombe wake mwenyewe.

Hayo yakikaa sawa, wosia wenyewe si kazi ngumu. Kwa kuwa hatujui kwa uhakika mahakama itakuona wa sheria ipi, uandike kwa kufuata masharti yaliyo magumu zaidi, ili ukubalike kokote. Uandike kwa wino usiofutika au uchapwe. Weka tarehe. Utie saini kila ukurasa mbele ya mashahidi wote wakiwa pamoja, nao watie saini zao mbele yako. Kanuni za kimila kwa anayejua kusoma na kuandika zinataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anatakiwa kuwa na wanne. Mimi ningekushauri uweke wanne tu, wawili wa ukoo na wawili wa nje, wote wanaojua kusoma, na angalau wawili wawe vijana kuliko wewe, ili wawepo siku wanapohitajika. Asiwepo shahidi hata mmoja anayepata chochote kwenye wosia huo. Mke wako awepo, kwa sababu kanuni za kimila zinataka mke aliye nyumbani ahudhurie. Ila yeye ni mrithi, hivyo asitie saini kama shahidi.

Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa si sharti. Anaweza kuwa shahidi wa nje ya ukoo kama mtu mwingine yeyote, lakini mhuri wake hauponyi wosia uliokosa mashahidi. Kujirekodi sauti kwenye simu pia hakuchukui nafasi yao.

Taja mali kwa namba ya kiwanja, kitalu na hati, si "nyumba yangu ya mjini". Taja warithi kwa majina kamili. Mtaje msimamizi unayemwamini na wa akiba. Yule kijana wa kabla ya ndoa mtaje waziwazi kwamba ni mwanao, na fungu lake ni hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kunyimwa manufaa ya mali ya mzazi wake, lakini kwa mtu mzima kama yeye, jina lake kwenye wosia wa baba lina nguvu kuliko ubishi wowote wa baadaye. Na ukiamua kumnyima yeyote, kanuni za kimila zinataka utaje sababu ya maana. Ukikaa kimya kuhusu mtoto mmoja unampa mlango wa kuupinga wosia wote.

Elewa pia kwamba wosia haufuti madeni. Gharama za mazishi na mkopo wa SACCOS vinalipwa kwanza. Wala hauondoi mahakama: msimamizi uliyemtaja bado atakwenda kuuthibitisha. Tofauti ni kwamba atakwenda na neno lako mkononi.

Mafao yako ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, yana utaratibu wake kwa sheria ya mfuko, kwa hiyo usiyategemee kuyagawa kwa wosia. Kazi yako hapo ni kuhakikisha taarifa za mke na watoto zipo, na majina yanafanana. Hili la majina msilidharau walimu. Hati inasema jina la ukoo, kitambulisho cha NIDA kinasema la babu, cheti cha ndoa kina jina la ubatizo, na mjane anazungushwa miezi kwa herufi moja. Linganisha sasa, na palipo tofauti nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina ungali hai, maana wewe ndiye shahidi bora wa jina lako.

Mama nyumbani anasema unajichuria. Simlaumu; kwetu kifo hakitajwi ovyo, na anayekupenda hataki kusikia habari hizo. Usimlazimishe kwa hoja. Mwambie tu aende akakae na shemeji yako mchana mmoja, amsikilize anayopitia. Kisha mwonyeshe kwamba jambo la kwanza unalotaka kufanya ni kuandika jina lake kwenye hati ya nyumba, na hilo linafanyika wote mkiwa wazima mmeketi kwenye ofisi ya ardhi. Baada ya hapo wosia hautamtisha sana. Nao unaubadilisha wakati wowote ukiwa na akili timamu: ukipata mjukuu, ukiuza kiwanja, unaandika mwingine wenye tarehe mpya na kuufuta wa zamani kwa maneno. Usijaribu kuubadilisha kwa mdomo kitandani.

Kuuhifadhi, RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) wanaandika na kutunza wosia, na ni chombo cha Serikali. Unaweza pia kuuacha kwa wakili au mahakamani. Popote utakapouweka, mke wako na msimamizi wako wajue ulipo. Wosia uliofichwa kwenye sanduku lenye nguo umewahi kuonekana baada ya mali kugawiwa.

Kuna mambo ambayo usiyafanye kwa maelezo ya kusoma peke yake. Kuhamisha au kuongeza jina kwenye hati kunahitaji mtu aone hati yenyewe, hasa kwa viwanja vya Dodoma vilivyotolewa enzi za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kabla haijavunjwa mwaka 2017. Hakikisha kwanza hati yako ni ya sasa na kodi ya ardhi imelipwa. Mirathi ya baba yako, kama yupo ndugu aliyekwisha kuuza kipande, nayo inataka wakili. Shemeji yako asisubiri hata wewe umalize ya kwako. Kama anatishwa kutolewa kwenye nyumba, aende mahakamani mapema, na kama hana fedha aulize ofisi ya ustawi wa jamii au wasaidizi wa kisheria walio karibu naye. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Wewe kama kaka wa marehemu unaweza kusimama upande wake kwenye kikao cha ukoo, na neno lako litasikika.

Ukija ofisini kwa wakili yeyote, beba hati ya nyumba, karatasi za mauziano ya kiwanja, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watano, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kifo cha baba kama kipo, na lile daftari la ng'ombe. Mje wawili, wewe na mama.